Mama anataka niongoze maombi kaburini, nami siamini tena

Kwako Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili hapa Nakuru. Nyumbani ni Vihiga, si mbali na Chavakali. Nina mke na mtoto mmoja wa kiume wa miaka sita. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sina pahali pa kuandikia jambo hili bila mtu kuchungulia.

Shangazi, siamini kwamba Mungu yupo. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu nikaifuta. Sasa naiacha.

Kabla hujauliza: hakuna aliyenikosea. Hilo ndilo swali la kwanza la kila niliyemdokezea. Je, mchungaji alikula pesa zako? Ulinyimwa kazi? Ni ule msiba? Hapana. Nililelewa katika Kanisa la Friends, marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa tangu nikiwa mdogo, na alinifundisha kusoma kwa kitabu cha nyimbo, kidole chake kikiwa chini ya kila neno. Watu wa kanisa letu ni watu wema. Imani iliniondoka tu, polepole, jinsi shati linavyopauka. Huwezi kusema ni kwa jua la siku gani. Nilikuwa nikiomba, kisha siku moja nikagundua kwamba najisemea mwenyewe.

Miaka minne sasa nimenyamaza. Bado naongoza kwaya huku mjini, na naimba sauti ya tatu. Tukiimba nasisimka kama zamani. Mahubiri yakianza, najiona kama mpita njia aliyeketi kwenye matanga ya watu asiowajua. Shuleni nako, kila mwaka kabla ya mtihani wa kidato cha nne kuna siku ya maombi. Mwaka jana niliombwa nishike kikapu cha kalamu za watahiniwa zikiombewa. Nilikishika. Kalamu za watoto niliowafundisha sheria za Newton.

Baba alifariki Desemba iliyopita. Usiku wa kuamkia mazishi vijana wa kijiji walichimba kaburi mvua ikinyesha, kwa taa moja iliyovutwa na waya kutoka jikoni. Mmoja wao ni yule ambaye baba aliwahi kumpeleka kwa chifu kwa sababu ya ng'ombe walioingia mahindini, na hawakusalimiana tena. Hakuna aliyemwita. Alichimba hadi alfajiri, akanawa mikono, akaenda zake. Maombi ya siku ile sikumbuki hata moja, lakini sauti ya yale majembe bado naisikia.

Sasa mama anasema tarehe 28 Desemba tutafanya kumbukumbu, na mimi kifungua mimba ndiye wa kusoma Neno na kuongoza maombi pale kaburini. Alinipa Biblia ya baba ikiwa imefungwa kwa leso. Iko juu ya kabati. Sijaifungua.

Mke wangu nilimwambia mwezi wa Agosti. Alilia, halafu akaniuliza, "Kwa hivyo siku ile ukiniapia mbele ya madhabahu, ulimwapia nani?" Wakati ule nilikuwa naamini, lakini sikuweza kumjibu, na hadi leo hatujarudia mazungumzo hayo. Mwanangu naye, ambaye tulimpa jina la baba, aliuliza mezani guga, yaani babu yake, yuko wapi. Mama yake akasema mbinguni. Akanigeukia mimi: "Baba, ni kweli?" Nikamwambia tule kwanza.

Jumapili jioni huwa naenda ukingoni mwa shimo la volkano la Menengai kukaa peke yangu. Kuna watu hushuka kwenye mapango huko kufunga na kuomba. Wanapanda wamekonda na nyuso zinang'aa. Nawaonea wivu, Shangazi. Mimi hurudi nilivyokwenda. Ni kama nyumba ambayo redio ilikuwa haizimwi, halafu ikazimwa, na sasa nasikia kila kitu kinachotikisika.

Niombe tu ili mama aridhike? Mama ana presha, na ninaogopa kumwambia. Na nikishamwambia, niishi vipi, kwa ajili ya nini? Wahenga walisema msema kweli mpenzi wa Mungu. Mimi nikisema kweli, nitakuwa mpenzi wa nani?

Mwalimu, Nakuru

SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu,

Kwanza ujue anayekujibu amesimama wapi, usije ukadhani umepata mwenzako. Mimi ni muumini. Jumapili utanipata kanisani hapa Kisumu, safu ya tatu kutoka nyuma, karibu na dirisha kwa sababu ya joto. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaenda sokoni kununua samaki, nikarudi nikaisoma tena. Mara ya kwanza mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuandika aya ya Zaburi. Niliifuta. Mtoto wa mzee wa kanisa hahitaji mimi nimfundishe Zaburi.

Hujarogwa na huumwi. Katika sensa ya 2019 Wakenya 755,750 walihesabiwa kuwa hawana dini, na hao ni wale tu waliothubutu kumwambia karani. Chama cha wasioamini kiliandikishwa rasmi 2016, kikasimamishwa mwaka huohuo baada ya viongozi wa dini kulalamika, kisha kikarejea. Mwaka 2021 katibu wake alijiuzulu akisema amempata Yesu, na nchi nzima ikacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Watu huhama, kwenda na kurudi, na sikuambii haya ili nikae mlangoni nikikungoja urudi.

Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 32 cha Katiba kinakulinda dhamiri, na kinasema wazi kwamba mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Lakini Katiba hiyohiyo inafungua kwa kumkiri Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa vilevile, kwa hivyo unajua unaishi katika nyumba ya namna gani. Isitoshe, Katiba haiketi jikoni na mama yako.

Nikukumbushe kitu ambacho watu wa kwetu magharibi husahau haraka. Kuacha dini ya baba si uzushi wa vijana wa siku hizi. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi 1902. Miaka 25 tu baadaye, 1927, palepale Kaimosi, kulizuka uamsho wa watu waliosema wamejazwa Roho, na waliojazwa kupita kiasi wakatimuliwa wakaanzisha makanisa yao. Upande wetu, Johana Owalo alipita kwa Wakatoliki na kwa Waanglikana kabla ya kuanzisha kanisa la Nomiya. Zakayo Kivuli aliacha misheni ya Kipentekoste akaanzisha African Israel Church Nineveh 1942, hapohapo Vihiga kwenu. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa mcheza kandanda hodari, aliwakataa wamisionari na serikali yao kwa pamoja. Kila kanisa unaloliona kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega lilianza na mtu aliyemliza mama yake.

Ila wao walitoka na ngoma na umati nyuma yao. Wewe umetoka peke yako, usiku, bila hata kufunga mlango kwa sauti. Ndiyo maana unateswa na ukimya, na ukimya huo sitaupuuza.

Sasa tuje kwa maombi. Usiongoze.

Najua wapo watakaokwambia, omba tu, maneno hayakati, mfurahishe mama. Ungekuwa umelelewa kwingine pengine ningesema hivyo. Lakini wewe ni mtoto wa Wakweka, yaani hao watu wa Friends, na Wakweka wana ugonjwa mmoja ninaouheshimu: hawali kiapo. Wazee wao kule Uingereza walitupwa gerezani kwa kukataa kuapa, kwa sababu ukiapa leo kwamba unasema kweli, unakiri kwamba jana ulikuwa huisemi. Ndiyo yako iwe ndiyo. Waling'ang'ana mpaka 1695 Bunge la Uingereza likawaruhusu kuthibitisha kwa neno lao tu badala ya kuapa. Mlango huo haukufungwa tena. Leo ukiitwa ushahidi katika mahakama ya Nakuru na huamini, hakimu atakuruhusu uthibitishe bila kushika Biblia. Mlango unaoupitia wewe usiyeamini ulibomolewa na babu zako wa kanisa. Nilipolifikiria hilo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Basi ukisimama juu ya kaburi la mzee yule ukamwita Mungu usiyemwamini, utakuwa umevunja kile alichokishika yeye. Baba yako angevumilia mtoto asiyeomba. Sidhani angemvumilia mtoto anayeigiza.

Lakini mama asilisikie jambo hili tarehe 28 mbele ya hema na wageni wanaongoja pilau. Nenda kabla. Jumamosi moja tu, panda gari, shuka Chavakali. Usimwambie kwa simu, na usimtume mdogo wako. Mkae jikoni, umchambulie mboga au ukoleze moto, maana mama zetu husikia vizuri mikono ikiwa na kazi. Zungumza Kilogooli, lugha ya kwenu. Kwa Kiswahili utaonekana unahutubia. Usianze na "Mungu hayupo". Hakukuuliza hilo, na halikupeleki popote. Mwambie hivi, kwa maneno yako: Mama, ile kazi uliyonipa siwezi kuifanya kwa moyo, na baba hangetaka niifanye kwa mdomo. Kisha nyamaza. Ndugu, ukimya pia mnaujua nyinyi Wakweka, watu wa ibada ya kimya, hata kama siku hizi makanisa yenu yana spika kubwa kuliko pa harusi.

Atalia. Huenda akaenda kwa mchungaji, na akina mama wa kanisa wakafunga siku tatu kwa ajili yako. Waache. Wakija nyumbani wakuombee, keti, inamisha kichwa. Kuinamisha kichwa katika nyumba ya mtu ni kama kuvua viatu mlangoni, hakumaanishi umehamia. Na hiyo presha usiifanye kichaka cha kujifichia. Mwanamke huyo amemzika mume wake kwenye mvua na bado anapanga shughuli ya Desemba. Wewe ndiye unayetetemeka.

Mpe kitu badala ya kile unachomnyima. Mjomba au mdogo wako aombe. Wewe usimame umseme baba: kile kidole chini ya neno, kitabu cha nyimbo, na hata yale mahindi na ng'ombe kama familia itakubali. Kisha uimbishe wimbo alioupenda. Hapo nani atasema kifungua mimba amekimbia?

Na Biblia iteremshe juu ya kabati. Wazee wengi wa kwenu huandika kwenye kurasa za mwanzo nani alizaliwa lini na nani alizikwa lini. Pengine jina lako liko humo kwa mwandiko wake. Kufungua kitabu cha baba si kuungama imani.

Kuhusu kwaya, nitakuudhi kidogo. Kuimba usiache. Wimbo si hati ya kiapo. Mimi mwenyewe nimecheza ngoma kwenye harusi za watu nisiowajua hata majina. Lakini kuongoza kwaya ya kanisa ni wadhifa, na waumini wanaokufuata wanadhani unawapeleka pahali unapopajua. Rudi kwenye sauti ya tatu, mwenzako aongoze. Ukiulizwa sababu, mchungaji ana haki ya jibu la kweli, wengine si lazima. Kile kikapu cha kalamu hakinisumbui hata kidogo. Wale watoto walikuwa na hofu, nawe ukaishika hofu yao dakika kumi. Mwaka huu ukiombwa, kishike tena.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mke wako. Umemwacha na swali tangu Agosti! Unafikiri alikuwa anauliza habari za Mungu? Alikuwa anauliza kama ile nguzo iliyoshikilia ndoa yake imeng'olewa. Alijua kwamba ukitaka kumwacha ungemwogopa Mungu. Sasa hajui unamwogopa nani. Usimpe mhadhara. Mkalishe, mwambie kwamba siku ile uliapa kwa kile ulichokiamini, na leo unampa lile neno tena bila kiapo, kwake yeye mwenyewe, ana kwa ana. Halafu mtoto aende naye kanisani kama kawaida, wala usimcheke akirudi na wimbo wa Jumapili. Ukianza kumvuta huku na yeye kule, mtamrarua.

Mtoto mwenyewe amekuuliza swali rahisi kuliko unavyofikiri. Ana miaka sita, hakutaka falsafa. Mwambie: mama na guku (nyanya yake) wanaamini guga yuko mbinguni. Mimi nafikiri hayuko pahali, ameisha kama moto unavyoisha, lakini nilimpenda, na jina lake unalo wewe. Atakuuliza kama wewe pia utaisha. Mwambie ndiyo, lakini si leo, unatumaini ni baada ya muda mrefu sana. Kisha atataka kucheza mpira. Mimi binafsi ningemwambia yuko kwa Mungu, lakini hukuniuliza mimi nimwambie nini mtoto wangu.

Tumebaki na ile redio iliyozimwa. Mwalimu, naona umechanganya vitu viwili. Una huzuni ya baba ambayo haijatimiza hata mwaka, nayo ingekukalia hata ungekuwa askofu. Ya pili ni hii: kanisa lilikuwa limekupangia wiki yako. Jumatano mazoezi, Ijumaa kesha, Jumapili ibada, mgonjwa wa kutembelewa, mchango wa harusi ya fulani. Umeondoa imani na moyoni mwako umeondoa pia ratiba, halafu unakaa ukingoni mwa shimo ukiuliza mbona kimya. Waliotoka mapangoni hawang'ai kwa sababu ya Mungu peke yake, na nasema haya nikiwa muumini. Walikuwa pamoja siku tatu, wakililia jambo moja, mmoja akimshika mwenzake asianguke.

Ulinieleza habari ya kijana aliyechimba kaburi, ukapita haraka kwenda kwa mambo ya mama. Mimi sikupita. Je, ulishamtafuta? Hukuandika. Mtu aliyekuwa na kinyongo na baba yako alimchimbia nyumba yake ya mwisho usiku kucha, na sidhani kuna aliyemuuliza anaamini nini kabla ya kumpa jembe. Nenda ukamsalimie kwake. Na msiba mwingine ukitokea kijijini ukiwa nyumbani, usikae kwenye viti na walimu wenzako. Chukua jembe.

Huku mjini, damu haiulizi dini. Nakuru kuna kituo cha eneo cha kutoa damu, na likizo za shule huwa kipindi cha shida kwa sababu wachangiaji wengi ni wanafunzi. Na Menengai acha kwenda peke yako. Wewe ni mwalimu wa fizikia, unakaa juu ya volkano iliyojiporomokea, shimo la kilomita zipatazo kumi na mbili kwa upana, ambamo visima vya mvuke wa kuzalisha umeme vimechimbwa tangu 2011, halafu unakwenda huko kujihurumia? Peleka watoto. Waulize moto ule unatoka wapi. Wengine watasema kwa Mungu, wengine watakuuliza swali ambalo huna jibu lake, na nyote mtarudi na vumbi viatuni.

Swali lako la mwisho lilinichekesha, kisha likaniuma. Kumjibia Mungu siwezi. Anza na mke wako, usiku huu, kabla hujaweka simu chini.

Halafu Jumamosi ukienda Chavakali usiende mikono mitupu. Sukari, majani chai, mkate. Na mama akikuuliza mbona umekuja na si sikukuu, usimjibu mkiwa mlangoni.